Risasi ya Owino Uhuru na Myeyusho wa Kupimia

Kijiji cha Owino Uhuru, kilichoko Mikindani upande wa Changamwe, kilijulikana duniani kwa sababu ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi, na kwa sababu ya kesi ambayo Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliiamua Julai 2020 kwa kuwapa wakazi waliodhuriwa na risasi hiyo fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliotenguliwa na Mahakama ya Rufani kabla ya kurejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Mengi yameandikwa kuhusu wanaharakati, hasa Phyllis Omido aliyetunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na machache mno kuhusu maabara, ilhali risasi iliyomo katika damu ya mtoto haionekani kwa macho, na hujulikana kwa tarakimu tu.

Tarakimu hiyo hutolewa na kifaa ambacho chenyewe hakijui risasi ni kiasi gani. Kifaa kimojawapo hupasha tone la sampuli ndani ya mrija mdogo wa grafiti hadi joto linalopita nyuzi 1,500, kisha hupitisha humo mwanga wa aina ambayo atomi za risasi huifyonza, na kinachosomwa ni mwanga uliofyonzwa, basi. Ili usomaji huo ugeuke mikrogramu, kifaa hulishwa kwanza myeyusho sanifu, yaani maji yenye asidi ambamo kiasi cha risasi kinajulikana kwa hakika, katika viwango kadhaa kuanzia sufuri, na kutokana na viwango hivyo huchorwa grafu ambayo sampuli zote hulinganishwa nayo.

Ugumu uko katika kuuandaa myeyusho huo. Chupa inayonunuliwa huwa na miligramu 1,000 za risasi kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, hutaka chanzo cha sumu kitafutwe damu ikifikia mikrogramu 5 kwa desilita, sawa na 50 kwa lita, na kushuka hadi hapo ni kuzimua mara 20,000. Mkemia huvuta mililita moja kwa pipeti, huitia katika flaski ya mililita 100, hujaza hadi kwenye alama, hutikisa, kisha huanza tena, na kosa la hatua ya kwanza hurithiwa na zote zinazofuata. Pwani huongeza lake: flaski za kawaida hupimwa kiwandani kwa nyuzi 20, na maji yakifika nyuzi 30 hutanuka kwa takriban robo ya asilimia moja.

Mashine za kuzimua huiondoa karaha hii kwa njia mbalimbali. Zipo zinazodondosha vimiminika juu ya mizani na kuandika uzito wa kila tone, na uzito haubadilishwi na joto la Mombasa. Zipo pia zenye mkono mwembamba unaochota mikrolita 5, 10 au 15 kutoka kikombe kimoja cha myeyusho sanifu na kukamilisha 20 kwa asidi tupu, kila hatua ikibaki katika kumbukumbu ambayo hata wakili mkaidi anaweza kuikagua.

Hata hivyo, mashine iliyopewa chupa iliyoharibika hulirudia kosa lilelile kwa uaminifu mkubwa, na grafu hunyooka vizuri hata ikiwa ya uongo. Ndiyo maana maabara makini hupima pia myeyusho uliotoka chupa nyingine ya mtengenezaji mwingine, na taratibu nyingi huagiza kwamba ukihitilafiana na grafu kwa zaidi ya asilimia 10, majibu yasitolewe mpaka sababu ijulikane.