Mlinda lango wa lakrosi: aufuate mpira, asiungojee

Mchezo wa lakrosi ulizaliwa kwa watu wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Kila mchezaji ana fimbo yenye wavu mdogo kichwani, na kwa fimbo hiyo anadaka mpira na kuutupa. Lango ni mraba wa mita 1.83 kila upande, na mpira ni wa raba ngumu. Kwa wanawake, mlinda lango ndiye anayevaa kofia ngumu, pamoja na kinga ya koo na ya kifua.

Kwa hiyo mimi huanza na woga. Mwenye woga hurudi nyuma au hugeuza ubavu, na lango hubaki wazi. Siku za kwanza simpi fimbo. Namrushia mipira ya tenisi. Anakunja magoti kidogo, anadaka kwa mkono wa juu, na kwa kila mpira anapiga hatua moja kuuendea. Akizoea, nampa fimbo: mkono uleule unatangulia, mguu na kifua vinafuata.

Sisi wanafunzi wa lugha tuangalie kitenzi. Nikimwambia "zuia", anangoja. Nikimwambia "uendee", mguu unatoka.

Naye pia lazima aseme. Katika lakrosi mpira huchezwa hata nyuma ya lango, na walinzi wenzake hawauoni kila mara. Basi anawaita kwa neno moja, kwa sauti kubwa: "Kushoto!" "Nyuma!" Sentensi ndefu itafika wakati mpira umeshaingia.