Injini ya Boti Ikimisi

Umetoka Tongoni alfajiri kwa boti ya injini. Polepole injini inakwenda vizuri. Ukiongeza mwendo, inakatakata. Mafundi husema inamisi. Usiifungue kwanza. Jiulize: imekosa petroli, au imekosa moto?

Kwenye mpira wa petroli utokao tangini pana tonge la kuminya. Mwenzako aendeshe kwa kasi, wewe liminye mara kadhaa. Injini ikipata nguvu, ilikuwa na njaa ya petroli. Tazama kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kuingizia hewa. Watu hukifunga wakibeba tangi, halafu husahau kukifungua. Hewa isipoingia, petroli hutoka kwa shida. Kwa mwendo mdogo huoni kasoro, maana injini inakunywa kidogo. Kama kitundu kiko wazi, angalia chujio. Huenda lina uchafu au maji.

Ukiminya bila mabadiliko, zima injini, toa plagi. Plagi nyeusi iliyolowa oili hutoa moto hafifu. Ipanguse, au weka mpya ya namba ile ile. Lakini uwe nayo. Plagi ya akiba na spana yake vikae botini, si nyumbani. Fundi yuko nchi kavu.