Cheni Kavu: Oili ya Msumeno Inapopotelea Njiani

Msumeno wa mnyororo, ambao wakata miti na wapasua mbao wengi huuita chensoo, una matangi mawili yenye kazi tofauti kabisa: moja ni la petroli iliyochanganywa na oili ya injini za mipigo miwili, na la pili ni la oili ya kulainisha cheni na bapa, yaani ule upanga wa chuma wenye mfereji ukingoni ambao cheni huuzunguka. Oili ya tangi la kwanza huungua pamoja na petroli na haifiki kwenye cheni hata tone, kwa hiyo injini inaweza kunguruma vizuri huku cheni ikisagana na bapa chuma kwa chuma. Injini ikiwa katika kasi ya juu, cheni hukimbia takriban mita 20 kwa sekunde, na kwa mwendo huo bapa lisilopata oili hupata moto upesi hadi chuma kugeuka rangi ya bluu, kingo zake zikalika, na cheni ikarefuka, ikalegea, na hatimaye ikachomoka au kukatika mbele ya mtu aliyeushika msumeno.

Katika misumeno ya zamani mkataji mwenyewe alibonyeza pampu kwa kidole gumba kila alipoona cheni inakauka. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo inayoendeshwa na gia iliyochongwa kama skrubu, ambayo katika misumeno mingi huzungushwa na ngoma ya klachi, na ndiyo maana oili hutoka tu cheni inapozunguka. Pampu huvuta oili kutoka tangini kupitia chujio na mpira mwembamba, kisha huisukuma hadi kwenye kitundu kilicho karibu na boliti zinazolishika bapa. Hapo oili huingia katika tundu la bapa lenyewe, hushuka mferejini, na kubebwa na vile vimeno vya chini vya cheni vinavyotembea ndani ya mfereji huo.

Watengenezaji huyapima matangi hayo ili petroli iishe kabla kidogo ya oili, na kipimo hicho ni zawadi kwa mtumiaji anayekijua, kwa sababu akijaza petroli kwa mara ya pili na kukuta oili bado imejaa kama alivyoiacha, hana haja ya dalili nyingine. Akitaka kuhakikisha, huielekeza pua ya bapa kwenye kisiki cheupe au kipande cha boksi, kwa umbali wa kama sentimita 20 na bila kugusa kitu, kisha huongeza moto; oili ikiwa inafika, mstari wake mwembamba huonekana baada ya muda mfupi.

Mstari usipoonekana, wengi hukimbilia kununua pampu, na hilo mara nyingi ni kosa la gharama, kwa kuwa pampu ni miongoni mwa sehemu zinazostahili kushukiwa mwisho. Lililo bora ni kuigawa njia ya oili mara mbili pale kwenye kitundu cha kutokea. Injini ikiwa imezimwa, kifuniko, cheni na bapa huondolewa, uchafu hufutwa, kisha injini huwashwa kwa muda mfupi, mikono na nguo zikiwa mbali na ngoma ya klachi inayozunguka, na kitundu huangaliwa. Oili ikitoka hapo, pampu ni nzima na kizuizi kiko kwenye bapa. Isipotoka, tatizo liko nyuma, kati ya kitundu na tangi.

Bapa ndilo huleta shida mara nyingi zaidi. Katika mashamba ya misindano, kama lile la Sao Hill wilayani Mufindi, utomvu huungana na unga wa mbao na oili kuwa uji mzito unaoziba tundu na kuujaza mfereji wote, na anayepasua mbao kwa urefu wa gogo huongezewa nyuzi ndefu zinazojisokota chini ya kifuniko. Cheni butu huzidisha balaa, maana hutoa unga laini badala ya vipande, na unga huo huiziba njia ya oili, na cheni ikikosa oili huzidi kuwa butu. Mfereji husafishwa kwa kipande chembamba cha bati, kuanzia nyuma hadi puani, na tundu huzibuliwa kwa waya. Kisha bapa hugeuzwa juu chini ili kingo zake zilike kwa usawa. Ikumbukwe pia kwamba bapa lisilo la aina ya msumeno husika huweza kukaa vizuri kwenye boliti zake huku tundu lake likipishana na kitundu cha oili, na hapo hakuna usafi utakaosaidia.

Kizuizi kikiwa nyuma, uchunguzi huanza na lililo rahisi. Tangi lina kipumulio, yaani kivalvu kidogo kinachoingiza hewa kadiri oili inavyopungua. Kikiziba, tangi hujivuta lenyewe na oili hugoma kutoka. Msumeno ukizimwa, mfuniko ukalegezwa kidogo, kisha oili ikaanza kutoka msumeno unapowashwa tena, aliyekosa ni kipumulio. Kisipokuwa hicho, chujio huvutwa kwa waya uliopindwa kupitia mdomo wa tangi, likaoshwa kwa petroli na kukaushwa, na mpira wake hukaguliwa, kwani ukipasuka huvuta hewa badala ya oili. Misumeno mingi pia ina skrubu ya kuongeza au kupunguza oili, na mwenye bapa refu au anayepasua mbao huhitaji kuiweka karibu na kiwango cha juu. Ni baada ya hayo yote ndipo klachi hufunguliwa, na hapo ikumbukwe kwamba katika misumeno mingi hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kukazia boliti ya kawaida. Chini yake mara nyingi hukutwa ile gia ya skrubu, hasa ikiwa ya plastiki, imelika meno au imeyeyuka kwa joto la klachi.

Chanzo cha mengi kati ya haya ni kile kinachomiminwa tangini. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari hutumiwa sana kwa sababu ni rahisi kupatikana na bei yake ni ndogo, jambo linaloeleweka kwa mtu anayehesabu faida ya kila ubao. Lakini oili hiyo hubeba chembe za chuma na masizi yanayokwaruza pampu na kuziba chujio, na haina kile kinato kinachotiwa kwenye oili ya cheni ili ing'ang'anie chuma isirushwe puani. Lililo zito zaidi ni kwamba oili ya cheni hairudi tangini: yote huishia kwenye unga wa mbao, udongoni, na kwenye ngozi na nguo za mkataji, na oili iliyokwisha tumika kwenye injini ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Oili safi ya injini ni mbadala wenye nafuu pale oili ya cheni isipopatikana, na katika baridi ya Mufindi ya Juni na Julai, oili iliyo nyepesi kidogo hupita vizuri zaidi. Mafuta ya mimea, yanayotumiwa sana katika misitu ya Ulaya, hayaudhuru sana udongo, ila yakiachwa tangini kwa miezi huganda kama gundi, kwa hiyo kabla ya msumeno kuwekwa ghalani tangi humwagwa, hutiwa oili ya kawaida kidogo, na injini huendeshwa mpaka oili hiyo ionekane kwenye cheni.