Ripoti za Uendelevu: Asiye na Rekodi Hupimwa kwa Kibaba cha Mwingine (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza viwango vya kimataifa vya IFRS S1 na IFRS S2, vilivyotolewa Juni 2023 ili kampuni zitangaze hatari na fursa za uendelevu na tabianchi sambamba na hesabu zao za fedha. Leo tumgeukie mwenye karakana, kinu cha kusaga nafaka au malori mawili ya kubeba mizigo, ambaye akisikia habari hizi husema ni mambo ya wakubwa. Kwa ratiba ya taasisi ya wahasibu nchini Kenya, ICPAK, kampuni zenye maslahi ya umma zitabanwa kuanzia Januari 2027, kampuni nyingine kubwa mwaka 2028, na biashara ndogo na za kati mwaka 2029. Akiitazama ratiba hiyo, mfanyabiashara mdogo huona bado ana muda tele. Nasema hana, kwa sababu swali litamfikia kupitia kwa mteja wake kabla kanuni yenyewe haijamfikia.

Sababu imo ndani ya viwango vyenyewe. IFRS S2 inaitaka kampuni ihesabu gesi joto kwa mafungu matatu: inayotoka kwenye mitambo na magari yake, inayotokana na umeme inaonunua, na inayotoka kwa wengine katika mnyororo wake, wakiwamo wanaoiuzia bidhaa na kuibebea mizigo. Fungu hili la tatu, ambalo kwa kampuni nyingi ndilo kubwa zaidi, halipatikani katika vitabu vyake; lazima iwaulize wauzaji. Ni kweli kwamba katika mwaka wa kwanza wa kuripoti kampuni imeruhusiwa kuliacha, lakini nafuu hiyo haivuki mwaka huo. Mwenye kutafuta mkopo naye ataulizwa, maana tangu Oktoba 2021 Benki Kuu ya Kenya imezitaka benki zizingatie hatari za tabianchi katika shughuli zao.

Je, muuzaji asipokuwa na jibu? Kampuni haitaacha nafasi wazi. Itachukua fedha ilizomlipa na kuzizidisha kwa wastani wa sekta, ambao mara nyingi umekokotolewa ng'ambo. Hapo ndipo Mkenya anapopunjika. Takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, ilhali wastani wa ng'ambo huenda umebeba makaa ya mawe. Mwenye kinu aliyetunza risiti za tokeni za umeme anaweza kuonyesha kwamba unga wake una hewa ukaa kidogo. Asiyezitunza atatwikwa mzigo wa wengine.

Watasema gharama ni kubwa. Ingekuwa hivyo kama angetakiwa kuandika ripoti nene yenye picha za miti. Lakini lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi; jenereta iliyotumia lita 100 kwa mwezi imetoa kilo 270. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha, na risiti ya mafuta tayari iko dukani kwa ajili ya kodi. Daftari moja lenye safu za umeme, mafuta, maji, taka na idadi ya wafanyakazi latosha kuanzia.

Wengine watataja Ulaya, ambayo mwaka 2025 ilianza kulegeza masharti na kuahirisha tarehe. Hata hivyo, Julai mwaka huo huo Tume ya Ulaya ilipendekeza kiwango chepesi cha hiari kwa kampuni ndogo, ili wakubwa wasiwachoshe kwa maswali yasiyo na kikomo. Masharti yamepungua, lakini haja ya takwimu za wadogo imebaki.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la haki: kwa nini anayechafua kidogo abebe kazi ya anayechafua sana? Asiibebe peke yake. Wanunuzi wakubwa wakubaliane fomu moja fupi, na anayetaka takwimu za ziada alipie kazi ya kuzikusanya. Lakini mdogo hawezi kudai masharti hayo akiwa mikono mitupu. Aanze rekodi mwezi huu, ili swali litakapomfikia aingie mezani na takwimu mkononi. Juma lijalo tutalijaza lile daftari, safu kwa safu.