Filta ya tangi la samaki: bei ya dukani siyo gharama yote

MNUNUZI anayeingia dukani kutafuta tangi la samaki wa mapambo kwa ajili ya sebule, ofisi au mapokezi ya hoteli kwa kawaida huangalia mambo mawili: ukubwa wa kioo na rangi za samaki. Filta huongezwa mwishoni, na mara nyingi huwa ile anayoitaja muuzaji kwanza. Kibiashara, mpangilio huo umepinduka. Filta ndiyo inayoamua kama fedha zilizotumika kununulia kioo na samaki zitakuwa bado zinaonekana baada ya miezi mitatu.

Wanunuzi wengi hudhani kuwa kazi ya filta ni kuchuja uchafu ili maji yang'ae. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachobaki huoza na kuiongeza. Amonia ni sumu. Ndani ya filta huishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Nitrati hupunguzwa kwa kubadili sehemu ya maji, kwa mfano robo ya tangi kila wiki. Kwa hiyo anayenunua filta ananunua nyumba ya bakteria. Nyumba hiyo inahitaji nafasi ya kutosha, maji yanayopita na hewa ya oksijeni bila kukoma.

AINA ZILIZOPO SOKONI

Iliyo rahisi kuliko zote ni filta ya sponji, inayoendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Mapovu yanapopanda huvuta maji kupitia kwenye sponji, na wakati huo huo hutia hewa ndani ya tangi. Haina kitu cha kuharibika isipokuwa pampu. Dosari zake ni kwamba inachukua nafasi ndani ya tangi, haipendezi machoni na haikusanyi vizuri uchafu mkubwa.

Ya pili ni filta ya ndani yenye mota yake, ambayo huzamishwa majini. Ya tatu ni ile inayoning'inizwa nyuma ya kioo, ambayo ni rahisi kuisafisha. Ya nne ni filta ya nje iliyofungwa kama ndoo, ambayo hukaa chini ya meza na kuunganishwa na tangi kwa mipira. Hii ya mwisho ina nafasi kubwa kuliko nyingine na inafaa kwa matangi makubwa, lakini bei yake ni ya juu na ina mipira na vifungio vinavyohitaji kuangaliwa.

Ili kujua ukubwa unaofaa, mnunuzi aanze na ujazo wa tangi. Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 lina ujazo wa lita 112. Ukiondoa changarawe na nafasi ya juu, hubaki kama lita 100. Kwa filta za mota, kanuni inayotumika na wafugaji wengi ni maji yote yapite kwenye filta mara 4 hadi 5 kwa saa, yaani lita 400 hadi 500. Ikumbukwe kuwa namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa filta ikiwa tupu. Ikishawekwa sponji na kuanza kushika uchafu, kasi hushuka. Samaki wa dhahabu, ambao hula sana na kuchafua sana, wanastahili filta kubwa zaidi ya kanuni hiyo.

HESABU YA UMEME

Filta haizimwi usiku wala mchana, hivyo gharama yake halisi inasomwa kwenye mita. Pampu ya hewa ya wati 3 hutumia uniti 2.16 kwa siku 30. Filta ya nje ya wati 20 hutumia uniti 14.4 kwa muda huo huo. Tukichukua mfano wa uniti moja kwa shilingi 350, ya kwanza itagharimu shilingi 756 kwa mwezi na ya pili shilingi 5,040. Kwa mwaka tofauti inazidi shilingi 51,000. Kwa mwenye tangi moja huenda hilo si jambo kubwa, lakini mwenye duka la matangi 15 hana budi kulipigia hesabu kabla ya kununua.

Gharama nyingine iliyojificha ni vichujio vya kubadilisha. Baadhi ya filta za kuning'inizwa huja na maelekezo ya kutupa kichujio na kununua kipya kila baada ya wiki chache. Anayefuata maelekezo hayo hutupa pia sehemu kubwa ya bakteria aliowafuga, na anabaki mteja wa kudumu wa vichujio. Sponji nzuri hudumu kwa muda mrefu. Ioshwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, wala isioshwe bombani, kwani klorini huua bakteria. Kwa sababu hiyo hiyo, maji ya bomba yaondolewe klorini kwa dawa yake kabla ya kumiminwa kwenye tangi.

UMEME UKIKATIKA

Kuanzia mgao wa miaka ya 1990 hadi ule wa 2023, watumiaji wa umeme Tanzania wamejifunza kupanga shughuli zao wakikumbuka giza. Filta nayo ipangwe hivyo. Filta ya nje ikizimika, maji yaliyomo ndani yake husimama na oksijeni huisha. Baada ya saa kadhaa bakteria huanza kufa, na umeme unaporudi uchafu wote husukumwa kwenye tangi. Ikikaa muda mrefu bila umeme, ifunguliwe na kusuuzwa kwa maji ya tangi kabla ya kuwashwa tena.

Sponji iliyo ndani ya tangi huvumilia zaidi, kwa kuwa imezungukwa na maji yote ya tangi. Aidha, pampu yake ndogo inaweza kuendeshwa kwa betri. Zipo pampu za hewa za kuchaji zinazojiwasha zenyewe umeme unapokatika. Pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji, au mpira wake ufungwe vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Bila hivyo, siku umeme ukikatika maji yanaweza kuishukia pampu na kuiharibu.

SAMAKI WA KIGOMA

Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus na Cyprichromis, ambao wanasakwa na wafugaji wa nchi za nje. Maji ya ziwa hilo yana magadi, na kipimo chake cha pH ni karibu 9. Katika nyuzi joto 25, amonia iliyo katika hali ya sumu kali huwa chini ya asilimia 1 ya amonia yote pale pH inapokuwa 7. Kwenye pH 8 hufikia kama asilimia 5, na kwenye pH 9 huzidi theluthi moja. Hivyo uzembe unaovumilika kwenye tangi la samaki wengine unaweza kumaliza tangi zima la samaki wa Kigoma.

NAFASI KWA WAFANYABIASHARA

Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye filta mpya. Muuzaji anayemfungashia mteja tangi, filta na samaki 20 kwa siku moja anapata mauzo mazuri siku hiyo, lakini samaki wakifa ndani ya wiki mbili mteja naye hupotea. Faida ya kudumu ipo kwa muuzaji anayeanza na samaki wachache na kuongeza polepole. Duka linaweza pia kuweka sponji za akiba kwenye matangi yake yenye samaki wazima, na kuziuza zikiwa tayari zimeshika bakteria. Sponji ya namna hiyo inastahili bei ya juu kuliko mpya, mradi itoke kwenye tangi lisilo na ugonjwa.

Kwa anayeanza na tangi lisilozidi lita 100, sponji mbili na pampu ya hewa yenye betri ndiyo manunuzi salama kwa sasa. Filta ya nje inunuliwe na mwenye tangi kubwa ambaye ana jenereta au inveta, na hata huyo aongeze sponji moja ndani ya tangi kama akiba.