Kabla skrapa haijameza beji ya guka

UKIENDA ushago Meru ama Embu Disemba, kabla hujapanda matatu ya kurudi jijini, muulize shosho swali moja: mkebe wa guka uko wapi? Unajua ninaousema. Ule wa majani chai au biskuti, wenye risiti za kahawa, kitambulisho kilichokunjika, na pengine kipande cha chuma ambacho watoto wamekichezea hadi kikafifia.

Kitazame vizuri. Kama kina umbo la pembe ya kupuliza na nambari katikati, umeshika beji ya King's African Rifles, KAR, jeshi ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Kenya, Uganda na Malawi ya leo. Nambari hiyo ni ya bataliani. 3, 5 na 11 ndizo zilizogeuka Kenya Rifles tulipopata uhuru 1963.

Kuna watu ng'ambo hawalali kwa ajili ya vitu kama hivi. Urusi ya kifalme, kabla ya mapinduzi ya 1917, rejimenti zilikuwa na beji zake za kifuani, za enameli, zilizofungwa kwa skrubu. Leo zinanunuliwa kwa pesa ndefu, na feki zimejaa sokoni. Sisi shida yetu si feki. Shida yetu ni jamaa wa skrapa mwenye mizani, anayepima historia ya familia yako pamoja na sufuria iliyotoboka.

Pengine si beji bali nyota yenye ncha sita, utepe wake mwekundu katikati, samawati na rangi ya chungwa pembeni. Hiyo ni Nyota ya Burma. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walipelekwa huko kupigana na Wajapani, na Divisheni ya 11, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru begani, ilipenya bonde la Kabaw lenye malaria na matope hadi Kalewa, Disemba 1944. Wengine hawakufika. Februari 12, 1944, nyambizi ya Japani iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na Maldives, na waliokufa wakapita 1,200, wakiwemo wapiga mizinga wengi kutoka Afrika Mashariki.

Nyota hizi kwa kawaida hazina jina la mtu. Ikitenganishwa na mkebe wake, inakuwa nyota ya mtu yeyote, yaani ya hakuna mtu.

Sasa tufike palipo pagumu. Ukipata medali ya fedha yenye kibati kilichoandikwa "Kenya" juu ya utepe, pumua kwanza. Hiyo ilitolewa kwa waliopigana na Mau Mau miaka ya hali ya hatari, na ukingoni mwake huandikwa nambari, cheo, jina na kikosi. Fedha ina bei, ndiyo maana huyeyushwa. Pia kuna nyumba ambazo hakuna anayetaka iongelewe.

Unaelewa kwa nini ukifika Chuka, katikati ya Embu na Meru. Juni 1953 askari wa bataliani ya 5 ya KAR waliwaua hapo watu wapatao 20 wasio na silaha. Kamanda wao, Meja Gerald Griffiths, alifungwa miaka 5 mwaka uliofuata kwa ukatili dhidi ya mateka, lakini kwa vifo vya Chuka hakuna aliyehukumiwa. Na upande wa pili, aliyeongoza wapiganaji wa msitu wa Mlima Kenya hadi akakamatwa Januari 1954 ni Waruhiu Itote, Jenerali China, koplo wa zamani wa KAR aliyepigana Burma. Beji ile ile, bwana.

Kwa hivyo mimi sikubaliani na wanaosema vitu vya mkoloni vitupwe. Ukivitupa, umemsaidia nani?

Usiisugue beji kwa Brasso wala majivu. Weusi ule ndio umri wake, na kuisugua sana kunakula maandishi. Piga picha mbele, nyuma na ukingoni. Andika kwenye karatasi jina la mwenyewe na kijiji, uikunje ndani ya mkebe huo huo. Ukitaka kuona vitu vya zamani vinavyotunzwa, pitia makumbusho ya Meru mjini, katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya DC. Na usiende kujishaua na sare au alama za jeshi letu la sasa. Polisi hawatakuuliza kuhusu guka.

Halafu washa rekoda ya simu, umuulize shosho alirudi mwaka gani, na alipofika mlangoni alisema nini.