Gololi Zenye Makovu

Watoto wetu hucheza gololi mavumbini, na mama huzikuta mfukoni mwa kaptura siku ya kufua. Lakini wako watu wazima, huko Ulaya na Marekani, wanaotafuta gololi za kale na kuzinunua kwa fedha nyingi. Sababu ni nini?

Asili ya nyingi za gololi hizo ni Lauscha, mji mdogo katika milima ya Thuringia, nchini Ujerumani. Tanuru la kioo lilijengwa huko mwaka 1597, na kazi ikarithiwa baba kwa mwana. Mji huo ndio uliosifika pia kwa mapambo ya kioo ya mti wa Noeli. Katika miaka ya 1840 mafundi wake walipata mkasi wa namna ya pekee, wenye kikombe kidogo penye ncha.

Kazi ilikuwa hivi. Fundi alichota kioo kilichoyeyuka kwa fimbo ya chuma, akakipanga nyuzi za kioo cha rangi, akazifunika kwa kioo kiangavu. Kisha alikivuta kikawa kirefu kama mua, huku akikisokota ili rangi zijizungushe ndani. Ncha ikiwa ingali laini, aliitia katika kikombe cha mkasi, akaizungusha hata ikawa mviringo, akaikata. Gololi ilipoozwa polepole isije ikapasuka.

Ndiyo maana gololi hizo huwa na makovu mawili, moja kila upande, pale zilipokatwa. Gololi za mashine hazina makovu hayo. Martin Christensen wa Akron, Marekani, alipewa hati ya mashine yake mwaka 1905. Na vita ya 1914 ilipofunga njia za biashara, Wamarekani wakatumia za kwao. Mafundi wa Lauscha wakapoteza soko.

Basi anayenunua hutazama makovu kwanza, halafu mikwaruzo. Wako wauzaji wanaoisugua gololi kuukuu ili ing'ae kama mpya. Kumbe wameondoa uso wake wa asili, na bei hushuka. Anayeficha jambo hilo amemwibia mwenzake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nasi tujifunze. Babu akikuachia kitu cha kale, usikitupe wala usikisugue kabla ya kuuliza wanaojua. Pengine lile kovu ndilo lenye thamani.